Karanga za Msimu wa Mvua

Jumatatu, 1 Machi

Mvua imekuja kabla hatujajiweka sawa. Saa nne wingu lilikuwa bado mbali, nikasema tuache mtama juani kidogo tena. Mdogo wangu alipopiga kelele kutoka uani tulikuwa tumeshachelewa. Tumeokoa maturubai mawili kati ya matatu. La tatu tumelikunja likiwa linachuruzika kama nguo iliyotoka kwenye beseni.

Kiwanda chetu, tukikiita hivyo kwa kujipa moyo, ni vyumba viwili na ua. Chumba cha kwanza ni cha mashine ya kusagia na fundi wake. Cha pili kina kikaango kikubwa, meza ya kufungia mifuko, na mdogo wangu akiwa na mwanawe mgongoni. Tunasaga unga wa uji wa watoto: mahindi, mtama, soya na karanga. Nilianza miaka minne iliyopita, baada ya nesi wa kliniki ya mtaani kuniambia kwamba watoto wengi anaowapima hawaumwi chochote. Wanashiba uji mweupe tu, basi, na hawakui. Tangu hapo, kila mama ambaye kadi ya mwanawe imeshuka huambiwa, "Nenda kwa Mama Unga." Mama Unga ndiye mimi.

Mwezi huu kuna kubwa zaidi. Kampuni ya vyakula inataka kuupeleka unga wetu kwenye kliniki kumi na mbili. Mtu wao tunamwita Bwana Faili kwa sababu hatujawahi kumwona bila faili kwapani. Anataka mzigo wa kwanza tarehe kumi na tano. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Sasa natazama mbinguni na kuhesabu siku.

Jumanne, 2 Machi

Mvua kutwa. Hatukuanika chochote.

Ijumaa, 5 Machi

Mama Pacha alikuja kulalamika. Yeye haji bila lalamiko; leo ni kwamba mifuko yetu inafunguka vibaya. Ana pacha wa mwaka mmoja na miezi miwili, wa kiume. Mmoja amempa jina la utani Mtulivu, mwingine Fujo. Mwezi wa kumi na moja Fujo alikuwa kwenye rangi nyekundu ya utepe wa kupimia mkono. Sasa yuko kwenye kijani, na ananivuta hereni.

"Anakula vikombe viwili," mama yake alisema, kama anayenishtaki. "Nitamshibisha na nini huyu?"

Akaondoka bila kuaga. Huyu mama ananichosha.

Jumatano, 10 Machi

Karanga zimefika. Mchuuzi aliziahidi Jumamosi, lakini barabara ilikatika, na magunia yamelala siku tatu ndani ya lori chini ya turubai linalovuja. Fundi alitumbukiza mkono katikati ya gunia, akatoa konzi moja, akainusa, akanipa na mimi.

"Hizi zimelala na maji," alisema.

"Tutazikausha."

"Kwa jua gani?"

Fundi ni mtu ambaye ukimwambia nyumba inaungua, atauliza kwanza kama mashine imezimwa. Nilimwambia azirundike kwenye chaga za mbao na aniachie mimi kufikiri. Akazirundika.

Tarehe kumi na tano ni Jumatatu. Karanga nyingine hakuna. Nimempigia kila mtu ninayemjua.

Ijumaa, 12 Machi

Mdogo wangu amechambua siku mbili, ameinama juu ya ungo mpaka shingo imekakamaa. Beseni la zilizooza limejaa pomoni. Nyingine zina unga wa kijani kwenye maganda, nyingine zimesinyaa na kuwa nyeusi. Tumekaanga zilizobaki. Harufu ilikuwa nzuri. Nimejiambia mara kumi leo kwamba harufu ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 15 Machi

Mzigo umeondoka! Bwana Faili alikuja na lori na mtu wa kuchukua sampuli. Yule mtu alichukua mifuko miwili kutoka rafu ya juu, iliyo karibu na mlango, akaiandika namba. Ile ni mifuko ya mwezi wa pili, ya karanga kavu. Niliona. Nilikuwa nimesimama pale pale, ulimi kinywani, nikaona, nikasaini karatasi.

Mdogo wangu amepika chai ya kusherehekea. Sikuimaliza.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Ukuta wa chumba cha mashine umeanza kutoa jasho. Tunawauzia kina mama wa kliniki kutoka mzigo ule ule wa karanga mpya.

Jumatatu, 22 Machi

Fujo anatapika.

Nimesikia dukani, kwa mtu aliyekuwa akinunua sabuni. Nikaenda mpaka kwao bila mwavuli. Mama Pacha alinifungulia mlango, mtoto begani, uso wake umebadilika kabisa. Hakuwa na lalamiko lolote.

"Tangu juzi hakikai kitu tumboni mwake. Anachemka. Maji yenyewe anarudisha."

"Amekula nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Uji wako. Anakula nini kingine?"

Nilisema ampeleke hospitali sasa hivi, nikamshikia Mtulivu wakati anafunga kanga. Njiani nikirudi nilikuwa nahesabu. Wamepewa mfuko lini? Jumatano ya wiki iliyopita. Mfuko gani? Najua mfuko gani.

Jumanne, 23 Machi

Fujo amelazwa. Wamemtundikia maji. Hawajasema ni nini.

Jumatano, 24 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu na nitaliandika lote.

Niliingia chumba cha pili nikamkuta mdogo wangu anafunga mifuko, nikaanza kumfokea mbele ya fundi. Nikamwambia uzembe wake utatuua. Nikamwambia nilimpa kazi moja tu, kuchambua karanga, na hata hiyo imemshinda.

Aliweka mfuko mezani polepole.

"Dada, nilichambua mpaka nikaanza kuona mbili mbili. Nikakuletea beseni. Nikakuambia, hata hizi zinazobaki roho yangu haizitaki. Ukanijibu nini?"

Nikageuka kutazama kikaango.

"Ukanijibu nini, dada?"

"Nilisema moto utaua ukungu."

"Ulisema moto utaua. Nikakaanga." Alimshusha mwanawe mgongoni, akamsimamisha mbele yangu, binti wa miezi kumi na saba, mashavu kama andazi, uji umekauka kidevuni. "Na huyu anakunywa nini kila asubuhi? Nani ananipimia? Mimi nilimpa mwanangu huu unga kwa sababu aliyetamka hivyo ni wewe. Sasa unanigeuzia kibao."

Fundi alizima mashine. Ule ukimya wa ghafla ulinipiga kuliko maneno. Akatoka nje, akasimama mvuani, kisha akarudi na kusema, "Mama, nikisaga kilichobaki nitakuwa nafanya makusudi. Leo sisagi." Akafuta mikono akaketi kwenye ndoo.

Siku zote nimemwona fundi kama mtu asiyejali. Kumbe alinipa konzi ile ya karanga ninuse, akaniachia uamuzi kwa kuwa kiwanda ni changu. Na mdogo wangu, ambaye huwa nasema hana umakini, aliniambia kwa kinywa chake. Watu wawili walijua. Wa tatu nilikuwa mimi, na nilijua kuliko wao wote, ila nilikuwa na tarehe kumi na tano.

Niliomba radhi. Mdogo wangu alisema sawa. Haikuwa sawa.

Alhamisi, 25 Machi

Nimekwenda kwa nesi. Nilisubiri mpaka kina mama wa mwisho wametoka, nikamweleza yote, hata ya zile sampuli za rafu ya juu. Ni rafiki yangu wa miaka mingi. Alinisikiliza akiwa anakunja utepe wa kupimia na kuukunjua.

"Moto wa kikaango hauondoi sumukuvu," alisema. "Ukiona ukungu ujue sumu inaweza kuwemo, usipouona inaweza kuwa imebaki. Hukulijua hilo?"

"Nilisikia kwenye semina."

"Ulisikia." Akaweka utepe mezani. "Mtoto akila kidogo hafi. Lakini inashika ini, na inamdumaza. Unanielewa? Inamdumaza."

Nilielewa. Kina mama wanakuja kwangu ili watoto wakue.

Amechukua mifuko mitatu na konzi ya karanga, atapeleka maabara ya chuo cha kilimo. Majibu baada ya wiki moja. Hajanisindikiza mlangoni kama kawaida yake.

Ijumaa, 26 Machi

Tumefunga. Nimeandika kwenye mlango: MASHINE INATENGENEZWA. Ni uongo. Kina mama tisa wamegonga na kurudi na vyombo vyao vitupu.

Jumamosi, 27 Machi

Fujo bado amelazwa. Macho yake, wanasema, yana umanjano kidogo. Nilipolisikia hilo nilikaa chini sakafuni, nikabaki pale.

Jumapili, 28 Machi

Hakuna jipya. Mvua.

Jumatatu, 29 Machi

Hakuna jipya. Mvua. Bwana Faili amepiga kuniambia sampuli zimepita vizuri sana na mzigo uko ghalani kwao, unasubiri mhuri tu. Nikasema asante. Nilisema asante!

Jumanne, 30 Machi

Nimefika mpaka lango la hospitali nikarudi. Ningemwambia nini yule mama?

Alhamisi, 1 Aprili

Majibu mawili, siku moja.

La kwanza limeletwa na mdogo wangu akikimbia, kanga imeloa mpaka kiunoni. Fujo ana homa ya matumbo. Bomba la maji la mtaa wao limepasuka karibu na mtaro, watu wa nyumba sita wamelazwa, wakubwa kwa wadogo. Ameanza dawa, jana usiku amelala vizuri, leo ameomba kula. Tulikumbatiana mlangoni na mdogo wangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nililia kwa sauti mpaka binti yake akaanza kucheka akidhani ni mchezo.

La pili lilikuja saa nane, na nesi mwenyewe. Hakuketi. Alinipa karatasi nikaisoma nikiwa nimesimama. Karanga zina sumukuvu mara nyingi juu ya kiwango. Unga, karibu mara tatu.

"Kwa hiyo si unga uliomlaza Fujo," nilisema. Nilijisikia mjinga hata kabla ya kumaliza.

"Si unga. Safari hii ni maji," nesi alisema. "Unga ulikuwa unafanya kazi yake taratibu."

Nikampigia Bwana Faili. Nilimsomea karatasi neno kwa neno, nikamweleza na habari ya Fujo. Kwanza alicheka kidogo, akidhani nimechanganya mambo.

"Mama, karatasi yetu ni safi. Tumepima sisi."

"Mlipima mifuko ya mwezi wa pili. Nilikuwepo, nikanyamaza."

"Mtoto aliyekuwa anaumwa, umesema ana homa ya matumbo?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna aliyeumizwa. Hakuna aliyelalamika. Sasa unataka kutangaza nini? Mvua zitaisha, utapata karanga nzuri, mambo yatakwenda. Kina mama wakisikia neno sumu mara moja tu, hawatanunua tena kwako wala kwa mwingine. Watarudi kwenye uji mweupe. Hilo umelifikiria?"

Nimelifikiria. Ndilo linalonitesa, maana hakusema uongo.

"Mzigo ule usitoke ghalani," nikamwambia. "Ukitoka, nitakwenda kliniki zote kumi na mbili, moja moja, na karatasi yangu mkononi."

Nilisikia watu wakiongea ofisini kwake.

"Unajua maana yake kwako?"

"Najua."

Akakata simu.

Ijumaa, 2 Aprili

Nesi amenipa orodha ya watoto hamsini na wanane aliowaelekeza kwangu. Mimi, mdogo wangu na fundi tumegawana mitaa. Sikutegemea fundi atakuja. Alivaa shati la kwenda kwa wakwe.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba. Mlango wa kwanza ikapotea yote. Nikasema tu: "Unga niliokuuzia mwezi uliopita una sumu ya ukungu. Naomba unirudishie. Usimpe mtoto tena. Kosa ni langu." Yule mama alirudi ndani akaleta mfuko, akauweka mikononi mwangu kwa ncha za vidole, akafunga mlango.

Wengine walitukana. Mmoja alinicheka, akasema alijua tu, kitu kizuri hakikai mtaani kwetu. Mwingine alisema basi atawapa kuku, nikamwambia hata kuku, mama, tafadhali. Mzee mmoja anayelea mjukuu aliniuliza mara tatu kama mtoto atakufa. Mara tatu nikamjibu hapana, apelekwe kwa nesi akaangaliwe. Hakuniamini, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa kila mfuko tuliopokea tulitoa mmoja wa mwezi wa pili, ile ya karanga kavu. Ilitosha nyumba kumi na saba.

Nyumba ya kumi na nane, mama kijana alikataa. Aliukumbatia mfuko kabisa.

"Nikikupa huu, kesho nampa nini?"

"Nitakuletea mwingine."

"Lini?"

Tulisimama hapo, yeye na mfuko, mimi na mikono mitupu, mtoto kati yetu ananyonya ukingo wa mlango. Mwishowe niliuchukua. Sikuunyang'anya, lakini sikuondoka mpaka ameuachia, na mimi na yeye tunajua hilo ni jina jingine la kunyang'anya.

Mama Pacha nilimwacha wa mwisho. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi, pacha wote wawili mkekani. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ulipokuja siku ile kwa mvua," alisema, "ukaniambia niende hospitali. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kwamba najua."

"Na ukanishikia mtoto. Ukaninyamazia."

"Ndiyo."

"Toka kwangu."

Nikatoka.

Jumatatu, 5 Aprili

Lori la kampuni limerudisha mzigo. Bwana Faili alikuja nalo, amekaa mbele karibu na dereva, hana faili. Alisaidia kushusha mpaka shati likachafuka.

"Nimeandika kwamba mzigo ni mbovu," alisema. "Wakubwa hawajafurahi. Mkataba umesimama mpaka mwakani, kama utakuwepo." Akapangusa jasho. "Miaka sita niko kwenye kazi hii ya lishe. Sijawahi kufungua mfuko nikanusa."

Alifungua mmoja, akanusa, akatikisa kichwa. "Unanukia vizuri tu."

"Ndiyo shida yake," fundi alisema.

Jumanne, 6 Aprili

Tumeteketeza na kufukia vyote, mkaguzi wa afya akishuhudia. Moto ulisumbua kushika; kuni mbichi.

Jumamosi, 10 Aprili

Bado mvua. Bado tumefunga. Nimeng'oa ile karatasi ya uongo mlangoni, nikaandika ukweli. Watoto wa shule wanausoma kwa sauti wakipita.

Jumatano, 21 Aprili

Siku ya kupima watoto. Nesi aliniita. Nilidhani anataka kunipa tena maneno makali. Hapana, alinipa kadi. Alizipanga mezani, moja baada ya nyingine, akaweka kidole mwisho wa kila mstari.

"Tazama. Huyu ameshuka. Huyu amesimama palepale. Huyu ameshuka." Kadi kumi na nne. "Wamerudi kwenye uji mweupe. Uliufunga mlango vizuri, na ilibidi. Lakini huwezi kuufunga halafu ukakaa nyuma yake unajililia."

"Nikifungua nani atakuja?"

"Sijui. Mimi nitawaambia waje baada ya kuona karatasi ya maabara. Kila gunia, kabla halijaingia kwenye mashine. Si rafu ya juu. Kila gunia. Bila karatasi, simtumi mtu."

Nilidhani amenichukia. Kumbe alikuwa ananisubiri nisimame.

Alhamisi, 29 Aprili

Karanga tumeziacha mpaka kiangazi. Mdogo wangu amejaribu soya zaidi na maharage yaliyochemshwa, yakakaushwa juu ya jiko kisha yakasagwa. Uji wa kwanza ulikuwa na ladha ya ukuta. Wa tatu binti yake alimaliza kikombe akakigeuza kukagua chini. Sasa mdogo wangu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu gunia. Akisema hapana, ni hapana, hata kama lori la kampuni linapiga honi nje. Tumekubaliana hivyo mbele ya fundi.

Ijumaa, 7 Mei

Karatasi imetoka maabara. Safi, magunia yote manne. Nimeisoma mpaka herufi zikaacha kuwa herufi. Sikupata ile furaha niliyoitegemea. Niliingia stoo nikaanza kunusa tena gunia moja moja.

Jumatatu, 10 Mei

Tumefungua saa mbili. Mvua imepungua, ni manyunyu tu. Nilibandika karatasi ya maabara mlangoni, nikasimama kando yake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne alipita yule mama kijana wa nyumba ya kumi na nane, akasoma, akaendelea na safari. Mdogo wangu alikuwa anapanga mifuko iliyokwisha kupangwa. Fundi alikuwa anapaka grisi mahali palipokwisha kupakwa.

Saa tano kasoro waliingia kina mama watano kwa pamoja, Mama Pacha mbele, Fujo mgongoni. Mtoto amekonda, macho ni meupe, safi. Mama yake hakunisalimia.

"Sijakusamehe," alisema. "Tuelewane kabisa. Nimekuja kwa sababu hawa wanataka kula, na mtaa huu mzima hakuna mwingine anayesaga kitu cha maana."

"Tumeelewana."

"Na hiyo karatasi mimi siijui. Nataka kuona mwenyewe."

Nikawapeleka stoo. Nikakosa fundo la kamba, nikajaribu tena, nikalipata. Nikafungua gunia la soya lililo karibu na mlango, nikarudi nyuma wapite.

Mama Pacha hakuligusa. Alitazama lile gunia, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole mpaka mwisho wa stoo, ukutani, kwenye giza.

"Siyo hilo," alisema. "Lile."

Nikaenda nikalifungua lile.